Wiki Kumi na Moja Kileleni

Kila siku saa tisa alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akafungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alibandika maji jikoni, akabadilisha nguo, kisha akaanza kuchambua nguo za kufua: nyeupe huku, za rangi kule. Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na alikuwa ameapa kwamba akitoka kazini hataki kuona povu la sabuni mpaka kesho yake. Kwa hiyo ufuaji wa nyumbani ulikuwa wa Chiriku.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Kaka yake, mwenye umri wa miaka kumi na saba, aliitwa Zumari. Naye jina lilitokana na sauti yake, nyembamba na safi, iliyopanda juu bila kuyumba hata majirani wakaacha walichokuwa wakifanya.

Zumari na wenzake watatu, Mrefu na mapacha wa ghorofa ya kwanza, walizoea kuimba kwenye ngazi za jengo lao. Kuta tupu za zege ziliwarudishia sauti ikiwa nene zaidi, na ndiyo maana walijiita Kundi la Ngazini. Fundi viatu aliyekaa mlangoni mwa jengo aliwapigia kelele kila siku.

"Nyinyi! Mnaimba au mnafukuza panya?"

Lakini Zumari akianza ubeti wake, nyundo ya fundi ilitulia.

Siku moja mwanamume mmoja aliyevaa suti alileta kiatu kishonwe. Akasikia sauti zikishuka kutoka juu, akapanda ngazi na kiatu kimoja mguuni. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Meneja wao. Katika muda wa miezi minne waliingia studio, wakarekodi wimbo, na wimbo ukapigwa redioni asubuhi na jioni. Ukaingia katika orodha ya nyimbo bora za wiki ukiwa namba kumi na nane. Wiki iliyofuata ukawa namba sita. Wiki ya tatu ukashika namba moja, na hapo ukakaa wiki kumi na moja.

Maisha yakageuka. Picha za vijana wanne wenye makoti ya bluu zilibandikwa kila ukuta. Zumari aliacha shule, akisema atarudi mambo yakitulia. Shuleni, wasichana ambao zamani walimwambia Chiriku "hebu tupumzishe masikio" sasa waligombania kukaa naye dawati moja.

"Kaka yako anakula nini asubuhi?" walimuuliza.

"Anakula kama watu," alijibu Chiriku kwa madaha. "Ila kwa mkono wa kushoto anashika kalamu, anasaini picha."

Walicheka. Hata mwalimu wa hisabati alimwomba picha moja, ya mpwa wake, alisema. Chiriku hakuwahi kuonja utamu kama ule.

Meneja naye hakulaza damu. Alipanga maonyesho kumi na tisa katika mwezi mmoja, siku nyingine mawili kwa siku. Zumari akawa anarudi nyumbani siku za Jumatatu tu, macho mekundu, amejifunga kitambaa shingoni kama mzee mwenye baridi. Sauti yake ya kuongea ikaanza kukwaruza.

Jumatatu moja Chiriku alikuwa akipekua mifuko kabla ya kuloweka nguo, akakuta leso ya kaka yake imekunjwa na kugandamana. Alipoifungua aliona damu. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa damu.

"Kaka, hii ni nini?"

Zumari aliruka kutoka kitandani akaipokonya. "Umemwonyesha mama?"

"Mama yuko kazini."

"Basi asijue." Alimshika mabega. "Sikiliza, mdogo wangu. Zimebaki wiki tatu tupige onyesho la uwanjani. Watu wote watakuwepo. Baada ya hapo nitapumzika, nitakwenda hospitali, nitafanya kila kitu. Mama akijua leo, atanifungia ndani. Na wewe nimekutafutia nafasi, utaniletea maua jukwaani. Unataka au hutaki?"

Chiriku alijiona mbele ya shule nzima, ameshika maua. Akaitikia kwa kichwa.

Mama hakuwa mjinga. Jioni ile alimuuliza bintiye, "Mbona kaka yako anaongea kama msumeno?"

"Mafua tu, mama."

Baada ya siku chache akauliza tena, na tena. "Hakohoi sana? Hujaona chochote kwenye nguo zake?"

"Sijaona kitu, mama."

Mama aliendelea kumenya viazi. Chiriku ambaye hakujua kunyamaza alikuwa amejifunza, na alijifunza vizuri.

Siku ya uwanja jua lilikuwa kali. Nyuma ya jukwaa, Chiriku akiwa na maua yake, alimwona mtu mmoja mwenye mkoba mdogo akimchoma Zumari sindano huku Meneja akiangalia saa. Hakuwa daktari. Alikuwa mwenye duka la dawa ambaye Meneja alimwita kila sauti ilipogoma.

"Sindano hii itakubeba kwa muda wa saa mbili," alisema Meneja. "Panda juu, bingwa."

Wimbo wa kwanza Zumari aliumaliza. Katika wimbo wa pili, ule wa namba moja, alifika pale sauti yake inapopanda, akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Watu walidhani ni mbwembwe, wakashangilia. Akajaribu tena. Ukatoka mkwaruzo, kisha kikohozi, na mbele ya koti la bluu ikaonekana damu. Mapacha waliacha kucheza. Muziki wa mashine uliendelea kupiga peke yake. Kutoka nyuma mtu akazomea, wengine wakadakia, na chupa za maji zikaanza kuruka. Moja ilimpata Mrefu kwenye nyusi. Chiriku aliyaangusha maua yake, akaenda kumshika kaka yake mkono.

Zumari alifanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi. Daktari wa koo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimwambia mama ukweli akiwa amesimama mlangoni.

"Mshipa mdogo umepasuka kwenye nyuzi za sauti. Alikuwa na kidonda, naye akawa anaimba nacho. Zile sindano zilimfichia maumivu tu. Sasa wiki sita asiseme hata neno moja. Anyamaze kabisa. Akitaka kitu aandike."

"Angeletwa mapema?" mama aliuliza.

"Hata wiki mbili tatu tu mapema. Angenyamaza, angepona. Angeimba tena."

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alisikia kila neno.

Kundi la Ngazini halikumsubiri Zumari. Wiki ile ile Meneja alileta kijana mwingine mwenye koti la bluu, lakini watu waliitaka sauti waliyoizoea. Wimbo ukashuka hadi namba tisa, kisha ishirini, kisha haukutajwa tena. Kwenye ukumbi mmoja walizomewa kabla hata ya kuanza. Mapacha walirudi kwao ghorofa ya kwanza, wakawa wanafunga mapazia. Mrefu alipata kazi ya kupakia saruji, na mtu akimtambua alikana. Picha za ukutani zilichanika moja moja, na juu yake yakabandikwa matangazo ya rangi za nyumba. Shuleni wasichana walirudi kwenye madawati yao ya zamani. Mmoja alimuuliza Chiriku, wengine wakisikia, "Kaka yako siku hizi anakula kwa mkono gani?"

Chiriku alifungua kitabu, akaanza kusoma. Nyumbani, Zumari alikaa siku nzima akitazama ukuta, daftari magotini.

Wiki ya nne, alasiri moja mama akiwa kazini, Meneja alibisha hodi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka suti yake iguse chochote.

"Jumamosi, bingwa. Onyesho moja, wimbo mmoja. Watu wakikuona umerudi, tutakwea tena. Yule wa sindano atakuwepo. Nitakufuata saa sita."

Alipoondoka, Zumari aliandika haraka hata karatasi ikatoboka. *Usimwambie mama. Nikikosa hii, nimekwisha.*

"Kaka, daktari alisema..."

Akaandika tena. *Wewe ni dada yangu au siyo?*

Siku mbili Chiriku alilibeba jambo lile kama mtu aliyemeza jiwe. Jumamosi asubuhi mama alikwenda zamu. Saa tano Zumari alivaa koti la bluu, akasimama mbele ya kioo akilifunga vifungo. Lilikuwa limempwaya, alikuwa amekonda. Chiriku alimwangalia mara moja tu, akachomoka. Alishuka ngazi mbili mbili, akakimbia hadi hospitalini, akaingia chumba cha kufulia ambako mashine zilinguruma na mvuke ulijaa hadi darini.

Mama alikuwa akikunja shuka na mwenzake. "Kuna nini? Nani kafa?"

Chiriku alisema yote. Alianza na Meneja, na akishaanza hakuweza kuishia hapo, akasema na ya leso.

Mikono ya mama ilisimama. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu kabla ya uwanja."

"Nilikuuliza mara tatu, Chiriku."

"Ndiyo, mama."

Mama alikaa juu ya rundo la mashuka machafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitazama sakafu yenye maji. Kisha akafungua aproni, akaitupa, akasema, "Twende."

Waliwakuta Zumari na Meneja mbele ya jengo. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na Zumari alikuwa ameshaingiza mguu mmoja.

"Shuka," mama alisema.

"Mama Zumari, shikamoo," Meneja alianza kwa sauti ya asali. "Kijana ni mtu mzima sasa, tumwachie aamue..."

"Ana miaka kumi na saba. Mtu mzima wa nani?"

"Lakini mashabiki wanamsubiri!"

"Na uwanjani walimsubiri. Uliwaona walivyorusha chupa, au ulikuwa ukiangalia saa?"

Meneja alimgeukia Zumari. "Panda, bingwa. Tunachelewa."

Hapo fundi viatu aliinuka kwenye kigoda chake, akaja kusimama mbele ya gari, nyundo mkononi. Majirani wawili wakaja wakasimama naye. Meneja aliwatazama, akacheka kicheko kisichofika machoni, akafunga mlango na kurudisha gari nyuma. Jumatatu yake mama alikwenda polisi na daktari wa koo, na yule mtu wa sindano akafungiwa duka lake. Meneja walimtafuta, ikaonekana ameshahamia mji mwingine na vijana wengine.

Lakini Jumamosi ile Zumari aliingia chumbani, akaandika neno moja, akairusha karatasi miguuni pa dada yake. *Umeniua.*

Hakumwandikia tena neno kwa siku kumi na tano. Hata siku daktari alipompima na kumwonyesha kidonda kwenye kioo cha mashine, kibichi bado, hakugeuza uso.

"Ungeimba Jumamosi ile," daktari alimwambia, "hata kuomba maji usingeweza tena. Sauti ya kuongea utaipata. Ile ya juu, kijana wangu, sitakudanganya, haitarudi."

Zumari alilia, na kwa kuwa alikatazwa kutoa sauti, alilia mabega tu yakitikisika.

Wiki ya sita ilipotimia, walikwenda wote watatu. Daktari alichungulia kooni, akazima taa yake ndogo. "Haya. Sema kitu. Polepole."

Zumari alimtazama daktari, akamtazama mama, kisha akamgeukia Chiriku. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, sauti ya mtu ambaye hawakumjua.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua, kaka," Chiriku alisema, machozi yakimtiririka.

Chiriku akatoka nje, akakaa kwenye benchi la ukutani. Mama alimfuata, akakaa kando yake.

"Sitakwambia kwamba hukukosea," alisema mama. "Ulinidanganya mara tatu, na hilo utatembea nalo. Lakini sindano hukuichoma wewe. Waliichoma watu wazima, waliokuwa na akili kuliko wewe. Sasa nisikilize. Mtu unayempenda akikwambia umfichie maradhi, mkatalie. Tafuta mtu mzima anayeweza kumsaidia, umwambie siku hiyo hiyo. Atakuchukia, mwache akuchukie. Mara ya kwanza ulimfichia, na tazama tulikofika. Mara ya pili ulizikubali hasira zake."

"Atanisamehe lini, mama?"

Kutoka ndani ya chumba walimsikia Zumari akimlalamikia daktari kwa sauti yake mpya, akiuliza shule itampokea vipi na umri wake huu, akikatika, akianza tena. Mama alimvuta Chiriku karibu.

"Sijui," alisema. "Lakini siku atakayokusamehe, atakwambia kwa mdomo wake."