Mlio Masikioni mwa Mokami

Asubuhi nyumbani kwa Mama Scholastica, mtaa wa Nyamisangura mjini Tarime, ilianza kwa ufagio, jiko la mkaa, na jina la Mokami likiitwa bila kuitikiwa.

"Mokami! Wewe Mokami! Maji yako wapi?"

Mokami alikuwa uani, amekwisha kuvaa sare ya shule, anafagia kwa haraka huku mabega yakicheza. Si kwamba alikuwa na kiburi. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na hedifoni nyeusi, na humo ndani ngoma zilikuwa zinapigwa kweli kweli. Mama alipomfikia na kumgusa bega, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimekuita mpaka koo limekauka!"

"Samahani, mama. Sikusikia."

Alikuwa darasa la sita, na tangu kaka yake Wangwe alipomwachia simu yake ya zamani, hakuweza tena kukaa bila wimbo. Simu yenyewe haikuwa na laini, na kioo chake kilikuwa na ufa, lakini ilijaa nyimbo. Mokami hakuzisikiliza tu. Alizikata, akaziunganisha, akatengeneza miksi zake mwenyewe. Wimbo mmoja ulipokaribia kwisha, mwingine uliingia taratibu chini yake, ngoma zikapokezana bila mtu kujua ni wapi zilipoachana. Alikuwa na miksi ya kufagia, iliyojaa singeli. Miksi ya kuchota maji ilikuwa ya nyimbo za polepole, kwa sababu mwenye ndoo kichwani hawezi kurukaruka. Ya Jumapili ilikuwa ya kwaya. Mahali fulani katika kila miksi alichomeka nyuzi za litungu, ala ya muziki ya Wakurya, alizozirekodi mwenyewe kwenye harusi ya binamu yake huko Gorong'a, na hapo ndipo wasichana wenzake bombani walipopiga vigelegele.

"Nirushie na mimi, Mokami! Hiyo yenye litungu!"

Akawarushia wote. Kisha akaanza kutafuta nyimbo nyingine. Hakutosheka. Kimya kilimwasha mwili kama upupu.

Shuleni, Mokami ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo za kwaya. Pembeni yake alisimama rafiki yake Jenipha, mwenye sauti ya pili. Baba yake Jenipha, Mzee Masele, alitoka Shinyanga kufuata kazi ya dhahabu, na Jenipha alipohamia shule hiyo, Mokami ndiye wa kwanza kumkaribisha kwenye dawati lake. Muhula huo Mwalimu Kornelio, mwalimu wa kwaya, aliwapa habari iliyowatoa wote vitini: kwaya yao imechaguliwa kwenda kushindana na shule nyingine huko Mugumu, wilayani Serengeti.

"Nitatengeneza miksi ya safari," Mokami alimwambia Jenipha. "Gari zima litaimba kutoka hapa mpaka Mugumu. Na sauti zetu za mazoezi nitazirekodi, nizitie humo humo."

Kila alipotoka shuleni alikwenda kujikunyata kwenye gereji ya Wangwe, ambaye alikuwa fundi pikipiki. Huko kulikuwa na umeme wa kuchajia simu. Kulikuwa pia na nyundo, injini zinazonguruma na vijana wanaopigiana kelele. Mokami alisukuma hedifoni ndani zaidi, akaongeza sauti ili azishinde injini. Simu ilimwonya kwa maandishi kwamba sauti ni kubwa mno. Akabonyeza maandishi yaondoke, akaongeza tena. Alifanya hivyo siku baada ya siku, na miksi ikazidi kunoga.

Jioni moja alipotoa hedifoni ili aende nyumbani, wimbo ulikuwa umezimwa, lakini ndani ya kichwa chake kulibaki mlio. Iiiii. Mwembamba, kama mbu aliyekataa kutua. Alitikisa kichwa. Akapiga miayo. Akaingiza kidole sikioni. Mlio haukuondoka, na asubuhi aliamka nao.

Aliogopa kumwambia mama. "Nikisema tu, simu inachukuliwa," aliwaza. "Na miksi bado haijaisha." Akagundua kwamba akipiga muziki kwa nguvu, mlio hausikiki. Basi akapiga muziki kwa nguvu. Kila alipozima, mlio ulimrudia mkubwa kuliko ulivyokuwa. Darasani alikosa utulivu, akageuka huku na huku, akaandika maneno ambayo mwalimu hakuyatamka. Kanisani, padri aliposema watu wanyamaze wasali, yeye alitoka nje mara mbili.

Mambo yaliharibika kwenye mazoezi ya kwaya. Mokami alianzisha wimbo, lakini sauti yake ikapanda mahali isipopaswa. Jenipha akashikilia sauti yake palepale, kama walivyofundishwa, na zile sauti mbili zikagongana. Watoto wakacheka. Mwalimu Kornelio akainua mkono.

"Simameni. Nani anatoka nje ya sauti?"

Mokami alihisi macho yote yanamtazama, na safari ya Mugumu inamponyoka.

"Ni Jenipha, mwalimu," alisema kwa haraka. "Ananichanganya."

Jenipha alimgeukia, mdomo wazi. "Mimi?"

Mwalimu Kornelio alimwamini Mokami kwa sababu hakuwahi kumwona akikosea. "Jenipha," alisema, "wewe pumzika kwanza. Nafasi yako ya Mugumu tutampa mwingine."

Jenipha alichukua mkoba wake, akatoka darasani, na siku iliyofuata akaenda kukaa dawati la nyuma na Leonida.

Kama Mokami alidhani mambo yatatulia, alijidanganya. Bila Jenipha pembeni yake, sauti yake ilitangatanga zaidi. Mwalimu alikuna kichwa. Mokami naye hakulala vizuri wala kula vizuri, na akitembea alikuwa kama mtu anayekimbizwa. Alipopishana na Jenipha bombani aliinamisha uso, akajifanya anakaza kata kichwani.

Jumamosi alikwenda tena gereji kumalizia miksi ya safari. Ilibaki kutia sauti za kwaya tu. Alikuwa na rekodi mbili: ya siku Jenipha alipokuwepo, na ya baada ya kuondolewa. Alizisikiliza, lakini ule mlio ulikuwa umefunika kila kitu, hakuweza kuamua ipi nzuri.

"Kaka Wangwe, hebu nisaidie. Sikiliza hizi, uniambie ipi niweke."

Wangwe alifuta grisi mikononi, akaweka hedifoni sikioni, na mara moja akaichomoa.

"Eh! Unataka kunipasua kichwa? Sauti gani hii?" Akapunguza, akasikiliza kwa utulivu, uso umekunjwa. "Zote zina kasoro. Huyu anayeanzisha ndiye anayepotea. Hii ya kwanza afadhali, kuna mmoja wa sauti ya pili anajitahidi kumrudisha. Lakini hii nyingine, huyo msaidizi hayupo, basi mwanzishaji anaelea tu. Ni nani huyu mwanzishaji wenu?"

Mokami alitazama chini, kwenye mchanga uliolowa mafuta.

"Ni mimi."

Wangwe alicheka, akidhani ni utani. Alipoona machozi, aliacha kucheka. "Una nini, mdogo wangu?"

Hapo Mokami akamwaga yote: mlio, uongo aliousema, na Jenipha aliyekaa dawati la nyuma. Wangwe hakumgombeza. Alifunga gereji mapema, akampeleka nyumbani.

Mama Scholastica aliposikia, Kiswahili kilimpotea, akaongea Kikurya mfululizo mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akajifunga kanga, akamshika binti yake mkono, wakaenda kituo cha afya.

Nesi Verdiana, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimulika masikio ya Mokami kwa kurunzi ndogo. Kisha akasimama nyuma yake, akamwambia arudie maneno atakayoyasema kwa sauti ya chini. Kwa sikio la kulia Mokami aliyarudia. La kushoto lilipofika zamu yake, aliyakosa karibu yote. Mama yake alikaa kitini taratibu, mkono mdomoni.

"Unasikiliza muziki kwa hedifoni?" nesi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Sauti kubwa?"

"Mpaka mwisho."

Nesi Verdiana alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo ambavyo hata kwa kurunzi yangu sivioni. Hivyo ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvilaza, kama ng'ombe wanavyolaza majani wakipita. Vikipumzishwa mapema, vingine huinuka. Lakini vilivyokufa havioti tena, na hakuna dawa ya kuviotesha. Ule mlio ulikuwa unakuambia acha. Wewe ukaufunika kwa kelele nyingine."

"Nitakuwa kiziwi?" Mokami aliuliza.

"Umekuja kabla hujachelewa sana. Hakuna hedifoni, hakuna spika kubwa, hakuna gereji, mpaka nikuone tena. Usipopata nafuu nitakuandikia uende hospitali kubwa wakupime vizuri."

"Lakini tunakwenda Mugumu! Kuna mashindano, na spika..."

"Basi Mugumu utaisikia kwa wenzako," nesi alisema, na mama yake akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu asubuhi Mokami alimsubiri Mwalimu Kornelio mlangoni pa ofisi. "Shikamoo, mwalimu," alisema, halafu akamweleza yote, mlio na uongo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Kuumwa si kosa, Mokami. Lakini mwenzako nilimtoa kwa neno lako. Ulilisema mbele ya kwaya yote, basi ukalifute mbele ya kwaya yote."

Mchana ule Mokami alisimama mbele ya wenzake. "Aliyekosea sauti ni mimi," alisema. "Masikio yangu yanaumwa. Nilijua, nikasema ni Jenipha. Jenipha, nisamehe."

Jenipha, aliyekuwa ameitwa na mwalimu, alisimama. "Ungeniambia tu kwamba unaumwa," alisema. "Ningekusaidia kuimba." Hakusema amesamehe, wala Mokami hakuthubutu kumuuliza.

Mwalimu Kornelio akampa Jenipha kazi ya kuanzisha. Siku ya safari, Mokami alifika mapema penye gari akiwa na kadi ndogo ya nyimbo, aliyoichomoa kwenye simu, mkononi. Ilikuwa miksi ya safari, na rekodi za kwaya hazimo.

"Chukua," alimwambia Jenipha. "Mimi siendi, lakini iende."

Jenipha aliipokea, akapanda garini.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama alikuwa ameifungia simu sandukuni, na mikono ya Mokami ilipapasa mfukoni mara kwa mara kana kwamba imesahau. Alifagia bila ngoma. Alianika muhogo, akaanua, akaanika tena bila sababu. Alikaa, akasimama. Pole pole, bila yeye kujua ni lini hasa, mlio ukaanza kupungua. Asubuhi moja mama yake aliita jina lake mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, naye akaitika kutoka uani. Mama alichungulia mlangoni kuhakikisha ni yeye kweli.

Kwaya ilirudi kutoka Mugumu na nafasi ya pili. Jenipha alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, sauti imekauka kwa kuimba. "Miksi yako ilinoga," alisema. "Ile sehemu ya litungu, dereva akataka kuongeza sauti. Tukamkatalia wote!" Wakacheka, na Mokami akasogea kwenye benchi ili rafiki yake apate pa kukaa.

Nesi Verdiana alipompima tena, sikio la kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limerudi kwa sehemu kubwa, ila minong'ono myembamba kabisa bado ililipita. "Hiyo huenda isirudi," alimwambia waziwazi. "Muziki nakuruhusu, tena usiache, maana una kipaji. Lakini sauti iwe ndogo kiasi kwamba mtu akikuita unamsikia. Penye kelele, usishindane nazo. Ondoka au zima. Baada ya muda yapumzishe masikio. Na ukisikia mlio, sema siku hiyo hiyo."

Mokami alirudi kwenye kwaya, safari hii akasimama safu ya nyuma, sauti ya pili. Kabla ya kuanza, Mwalimu Kornelio aliwatazama wanafunzi wake wote.

"Nataka mkumbuke jambo," alisema. "Mokami alificha ugonjwa wake ili asipoteze simu na safari. Akapoteza safari, akapoteza sehemu ya usikivu wake, na karibu ampoteze rafiki. Ugonjwa ukiusema mapema, unatibiwa. Ukiuficha, utatafuta uongo wa kuufunika, na uongo huo utamwangukia mtu asiye na hatia. Masikio mliyonayo ni haya haya mpaka uzeeni. Yatunzeni. Na mkikosea, semeni ni mimi, hata kama mnaogopa."

"Ndiyo, mwalimu!"

"Haya. Jenipha, tuanzie."

Jenipha alivuta pumzi, akaanzisha. Mokami hakukimbilia kuingia. Alisikiliza kwanza, akaishika sauti yake, ndipo akafungua kinywa.