Kiitikio cha Wimbo wa Kumi

Asubuhi hiyo duka la uchapaji lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mwanafunzi alitaka tasnifu yake ijalidiwe, bwana harusi alilalamika kadi zake zimepauka. Mwanamke anayesanifu kurasa hakuinua macho kwenye kompyuta.

"Anayefuata!"

"Kava la albamu, dada. Nakala mia tano."

Mwanamke akainua macho. Sauti hiyo angeitambua hata usingizini. Mbele yake alisimama mwanamuziki wa rege ambaye mji mzima ulimwita Mzizi, shati la kitani limenyooka kwa pasi, rasta zimejaa mvi. Alikwenda ng'ambo miaka ishirini na miwili iliyopita, mara tu albamu yake ya kwanza ilipotoka.

"Kumbe bado u hai."

"Nimerudi, mpenzi."

"Mpenzi wako gitaa! Niliimba viitikio vyote, halafu nageuza kava, jina langu halimo. Hata mpiga manyanga yumo!"

Mzizi akatikisa kichwa. "Nililiandika kwa mkono wangu, chini ya langu. Nikajua wewe ndiye uliyetaka litolewe. Na barua zangu hukujibu hata moja."

"Barua zipi? Kaa pembeni, unazuia watu."

Mzizi akaondoka kichwa chini. Saa sita simu ya duka ikaita.

"Usikate," Mzizi akasema. "Nijibu moja tu. Nani alilipanga kava lile kiwandani?"

 Polepole mwanamke akageuka kumtazama kaka yake, mwenye duka, aliyekuwa akikata karatasi. Enzi zile kaka alikuwa mpangaji wa kurasa katika kiwanda kilichochapa kava lile. Na barua zote za nyumbani zilipitia mikononi mwake.

"Kaka, jina langu ulilitoa wewe?"

Kisu cha mashine kikasimama. "Nilikuokoa, mdogo wangu. Mtoto wa kike, jina lake likae na wavuta bangi?"

"Huyu hata sigara inamkohoza!"

"Ukoo ungesema nini?"

"Ukoo uliimba kiitikio gani? Na barua?"

Kaka akatazama sakafu. "Nilizichoma."

Chozi likamtoka mwanamke, akalifuta kwa kiganja kama anayefuta ubao.

"Bado uko hapo?" Mzizi akauliza simuni. "Wimbo wa kumi wa albamu hii mpya nimeuacha bila kiitikio. Kila aliyejaribu, nilikusikia wewe. Njoo studio kesho."

"Nitakuja. Na jina langu kwenye kava nalipanga mwenyewe sasa hivi, herufi kubwa kuliko zako."

"Nilitaka kuuliza na jambo jingine... la mimi na wewe."

"Hilo njoo uliseme hapa dukani, mchana kweupe."

"Utakuwa kichekesho, mwanamke mzima!" kaka akafoka.

"Anayetaka kucheka akate tiketi."

Dakika ishirini baadaye Mzizi aliingia akihema, akapiga goti katikati ya wateja. Kaka akawasha mashine zote mbili. Ngurumo ikameza maneno; midomo ya Mzizi ikawa inachezacheza tu. Bwana harusi, aliyerudi kuchukua kadi zake, akatega sikio bila mafanikio.

Mwanamke akazunguka kaunta, akainama nyuma ya mashine, akang'oa nyaya zote mbili ukutani. Kimya kikatanda. Akajipangusa vumbi la karatasi kwenye sketi, akamkazia kaka yake macho, kisha akamgeukia yule aliyepiga goti.

"Anza upya, mpenzi. Nataka wasikie wote, na jibu langu pia walisikie."