Jicho Halitoki Majini

Mtu asiyekutazama usoni ana lake jambo. Ndivyo fundi cherehani alivyolelewa kuamini, na ndiyo sababu mwokoaji wa bwawa la manispaa alimkosesha raha tangu Jumamosi ya kwanza.

Siku hiyo alimpeleka Shangazi, ambaye daktari alimwagiza aogelee kwa ajili ya magoti. Bwawa lilifurika watu, kelele mtindo mmoja. Ukingoni alisimama kijana mrefu mwenye kaptura nyekundu na filimbi shingoni.

"Samahani kaka, chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi?"

"Mlango wa kijani, dada. Na usikimbie, panateleza."

Hakugeuza hata shingo. Sasa alijuaje kwamba alitaka kukimbia?

Fundi hakuumbwa kukaa na swali tumboni. Jumamosi iliyofuata alisimama ubavuni pa kijana.

"Hivi kazi hii mtu anaipataje? Akijua kuogelea tu basi?"

"Ingekuwa hivyo hata bata wangeajiriwa," alijibu, macho majini. "Unaogelea mita mia nne bila kupumzika. Unazamia kuokota tofali chini kabisa. Unajifunza kumpulizia pumzi aliyezimia. Na kila mwaka unapimwa upya."

"Ukishindwa?"

"Unakata tiketi mlangoni."

Fundi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kabla ya kuondoka aliandika namba yake ya simu kwenye kikaratasi, akakibana chini ya chupa ya maji ya kijana. Jioni simu ikaita.

"Leo umecheka mara nne," sauti ilisema. "Nilihesabu."

Wiki zikapita hivyo. Kwenye simu alikuwa asali, mpenzi huku, mpenzi kule. Bwawani alikuwa jiwe.

"Haya, jana nilivaa nini?" fundi alimtega kwenye simu Jumapili moja.

"Nguo," akajibu.

"Nguo!" Kumwambia hivyo fundi mzima!

"Mwanangu," Shangazi alisema, "mwanamume asiyekutazama mbele za watu ana mke."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa alikwisha kumpenda. Alikata kitambaa cha manjano, akashona gauni la vifungo sita vikubwa, akaapa: leo asiponitazama, basi. Jumamosi ya tano alikwenda moja kwa moja, akasimama mbele ya pua yake.

"Nitazame."

"Sogea, dada."

"Dada tena? Jana jioni nilikuwa mpenzi! Una mke?"

"Sina. Sogea kidogo, tafadhali."

"Sisogei mpaka unitazame."

Mkono ulimshika begani ukamsukuma pembeni. Fundi alianguka juu ya benchi, kifungo kikakatika kikabiringika sakafuni. Filimbi ikalia mara tatu, maji yakaruka. Alifungua kinywa amtukane, ndipo akaona kofia ya maua ikizama upande wa kina kirefu. Ilikuwa kofia ya Shangazi. Hatua mbili tu kutoka pale, watu walikuwa wakirushiana mpira na kucheka.

Mwokoaji alimleta ukingoni, kidevu kikiwa juu ya maji, akamlaza ubavu. Shangazi alikohoa, akatapika maji, akafumbua macho.

"Magoti yamepona," alisema. "Yaliyobaki ndiyo mabaya."

Fundi alilia huku akicheka. "Sikusikia kelele yoyote!"

"Anayezama hapigi kelele, mpenzi. Hana pumzi ya kupigia."

Alisema hayo akiwa amekwisha kugeukia maji, kaptura ikichuruzika. Fundi akaona haya kuliko siku zote za maisha yake.

Siku nyingine wangekuwa wamekwisha kuondoka, lakini Shangazi aliwekwa chumba cha huduma ya kwanza aangaliwe. Kwa hiyo fundi alikuwapo saa sita, zamu ilipobadilika. Mama mmoja mnene mwenye filimbi alikuja, akasimama sambamba na kijana, akatazama bwawa kutoka pembe hadi pembe.

"Maji yako," kijana alisema.

"Maji yangu."

Hapo tu ndipo alipogeuka. Alimtazama fundi polepole, bila haraka yoyote, na yule aliyedai kutazamwa akainamisha kichwa.

"Gauni la manjano. Vifungo vitano," alisema, akafumbua kiganja. "Na hiki cha sita. Nisamehe."

"Nisamehe mimi."

"Wewe!" Shangazi alipaza sauti kutoka dirishani. "Umemwuliza kama ana mke?"

"Nimemwuliza!"

"Akasemaje?"

"Bado sina, Shangazi," mwokoaji alijibu mwenyewe, na macho yake hayakubanduka usoni pa fundi.