Umati wa Otonglo

Haya yalimpata rafiki yangu Waceke, aliyekuwa na kibanda cha nguo mjini Kisumu mwaka 1971. Asubuhi moja mumewe, Bildad, baba wa mtoto wao Wahu, alikwenda soko la Otonglo kwa baiskeli kununua samaki. Hadi alasiri alikuwa hajarudi, basi Waceke akafunga kibanda, akamfuata.

Alipofika sokoni, wingu zito lilikuwa limetanda kutoka ziwani na giza limeingia kabla ya saa yake. Kando ya barabara umati ulikuwa umesimama duara. Kilichosikika ni pumzi za watu na ngurumo ya mbali. Nyuma yao baiskeli ya Bildad ilikuwa imelala chini. Waceke akaukimbilia umati.

"Kuna nini, Bwana?" akamwuliza mtu wa nyuma.

"Sijui, Mama. Nimekuta wengine wamesimama."

Akapenya. Kila aliyemwuliza alijibu vivyo hivyo, bila kugeuza shingo. Alipotokeza mbele, akaona katikati ya duara hapana mtu wala kitu, ni vumbi tupu. Na Bildad alikuwa pale ukingoni, mzima, jasho likimtiririka.

"Baba Wahu! Umenitia hofu! Mnatazama nini?"

Bildad hakumwangalia. Alikaza macho pale pale patupu, akanong'ona kama anayesema na mgeni:

"Nisaidie kumwita, Mama. Yule ni mke wangu. Amesimama pale tangu saa nne asubuhi, na nikimwita Waceke, haitiki."