Ubeti Uliowafunga Watu wa Ngome

Enzi zile miji ya visiwa vya kaskazini ilipokuwa ikipigana mwaka hata mwaka, Madi bin Shali alilala kitandani kwa dada yake, paja limechomwa mkuki, huku rafiki zake kumi na wanane wamezingirwa ngomeni. Birika lao la maji ya mvua lilikuwa limekauka. Adui alikwishatangaza: atakayetoka bila silaha kabla ya sala ya Ijumaa, atakwenda zake salama. Baada ya hapo, ngome itachomwa moto.

Wala hawakutoka. Aliyewazuia ni Madi mwenyewe. Usiku wa kuamkia vita, ngoma zikilia, alishika upanga wake akatoa ubeti:

*Ngomeni hatubanduki,*
*japo kwa kiu na dhiki;*
*atokaye mnafiki,*
*si wetu, twamkataa.*

Wote wakauitikia, mikono juu ya panga. Na katika mji ule, ubeti uliotolewa juu ya upanga ni kiapo, wala hakuna awezaye kuufungua ila aliyeutunga, tena kwa ubeti mwingine. Washairi bwana! Hupenda kusifiwa kuliko kula.

Alhamisi Madi aliwaandikia barua, akawasihi watoke. Dada yake, Mwana Esha, akaipeleka, kwani adui hakuwagusa wanawake. Alirudi na jibu la Shekuwe, rafiki wa Madi tangu utotoni: "Barua tumeipata. Ubeti hatujauona."

Ijumaa ikafika. Jua lilikuwa limepanda, na kalamu ya Madi bado kavu.

"Kaka, wangoja nini?" Mwana Esha aliuliza. "Wenzio wanalamba kuta kwa kiu!"

"Nikiufungua, sitaitwa tena penye ngoma. Nitakuwa mtu aliyevunja kiapo chake."

"Basi kaa na sifa zako. Mimi nitakwenda kuwaambia wake zao washone sanda."

Madi aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Akachovya kalamu, akaandika:

*Nilitunga kwa ujinga,*
*leo mwenyewe napinga;*
*tokeni, wekeni panga,*
*aibu mimi natwaa.*

Mwana Esha hakungoja wino ukauke. Alijifunga buibui lake kiunoni akatoka mbio. Madi alibaki akisikiliza, roho mkononi. Adhana ikaanza, ikaisha. Hakusikia kitu.

Kisha mlango ukasukumwa. Shekuwe aliingia, midomo imepasuka, ala ya upanga tupu.

"Wangapi?" Madi akauliza.

"Sote."

Shekuwe akanywa kata mbili za maji, akamtazama mgonjwa. "Umetuvua nguo mbele ya watu, Madi. Heri ungetuacha tufe."

Akatoka bila kuaga. Madi hakuitwa tena penye ngoma, na Shekuwe hakumsemesha tena maisha yake yote. Ila mwaka uliofuata mke wa Shekuwe alijifungua mtoto wa kiume, na Shekuwe, bila kumshauri mtu, akampa jina la Madi.