Mzee Stanislas Aulizwa

Wivine alijua kupika, na majirani zake wa mtaa wa Katuba walijua hivyo. Kila asubuhi aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, uani, akabandika uji wa mahindi, akautia karanga na sukari. Kisha aliingia chumbani kwa baba yake, mzee Stanislas, aliyewahi kuwa fundi wa reli. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mzee alikuwa na kansa ya ini. Madaktari walikuwa wamesema wazi kwamba hatapona, wakamruhusu arudi nyumbani akae na watu wake.

"Papa, kijiko kimoja tu," Wivine alimbembeleza ale kwa ajili yake. "Kimoja juu yangu."

Mzee alifungua kinywa, akameza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Wivine alimfuta kidevu, akajaza kijiko kingine. Aliogopa jambo moja kuliko yote: baba yake afe na njaa mikononi mwake.

Shangazi yake, Marie-Thérèse, alikuwa amefika kutoka Kasenga na kapu la samaki na maneno mengi kuliko samaki.

"Ndugu yangu anakonda hivi, hata serum haiko?" alisema, akitaka mzee atundikiwe dripu. "Bantu batasema nini? Batasema mulimuacha na njala. Muite munganga."

Akaitwa Mama Kasonde, muuguzi wa kituo cha afya, aliyezoea kumtembelea mzee. Alimgusa miguu, akamsikiliza kifua, akatikisa kichwa.

"Serum sitaitia," alisema. "Miguu imevimba. Ile mayi itaenda mu mapafu, atapumua kwa nguvu. Kutia ni rahisi, na mutanishukuru. Lakini nitakuwa namutesa yeye juu ya kuwapendeza ninyi."

"Basi afwe na njala?" Wivine aliuliza.

"Hapana, mama. Hafwi sababu hakuli. Hakuli juu mwili wake unafunga kazi. Hauwezi kutumia chakula tena."

"Miye namujua mugonjwa hakukula, bakamutia serum, akapona," shangazi alidakia.

"Njo vile, Tantine," Mama Kasonde alikubali. "Wengine inawasaidia. Njo maana munauliza munganga kwa kila mugonjwa. Lakini mulimuuliza Papa mwenyewe?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walikuwa wakizungumza kando ya kitanda chake kana kwamba ameshaondoka. Mama Kasonde akainama.

"Papa Stanislas, uko na njala?"

"Hapana," mzee alisema polepole. "Tangu zamani."

"Sasa unakula juu ya nini?"

Mzee akamtazama binti yake. "Juu ya Wivine. Nikikataa, analia."

Wivine akalia kweli. Lakini safari hii baba yake hakulazimika kumeza kitu.

Mama Kasonde akawaonyesha la kufanya. Wamwinue kichwa kwa mto. Wamlowanishe midomo kwa kitambaa safi, kisha wampake mafuta. Wamgeuze ubavu mara kwa mara. Wampe dawa ya maumivu kama alivyoandikiwa.

"Akiomba chakula, na macho iko wazi, mupe kiloko, kidogo tu," alisema. "Asipoomba, mukae naye tu. Hiyo pia ni kumutunza."

Nyumba ikapata pumzi. Kikohozi kilipungua, mzee akalala vizuri. Siku moja alipata nguvu za kueleza jinsi dada yake Marie-Thérèse, utotoni, alivyojidai kuendesha mtumbwi, akatumbukia mto Luapula na gauni lake la komunyo ya kwanza. Shangazi alikana kabisa. Wivine alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa amecheka hivyo tangu ugonjwa ulipoingia nyumbani mwao.

Mzee alifariki asubuhi ya Jumapili, ametulia, mkono wake ndani ya mkono wa Wivine.

Kwenye matanga, jirani mmoja aliinama kwa Wivine. "Banasema hata serum hamukumutia. Kumbe alikufwa na njala?"

Wivine alishusha kichwa. Shangazi ndiye aliyejibu, na watu wote wakasikia.

"Ndugu yangu alikufwa na ugonjwa. Njala hakuwa nayo. Tulimuuliza yeye mwenyewe, akasema, tukamusikia. Weye ungemulazimisha?"

Jirani akasema pole. Wivine akainua kichwa. Alihisi mzigo umemtoka mabegani, akamlilia baba yake bila kujilaumu.