Kengele Kooni mwa Swaibu

Simu ya Juwairiya ilipiga kengele ya barua ikiwa imezimika.

Alikuwa uani kwake mtaa wa Walukuba mjini Jinja, anasugua sufuria za mchana. Simu ilikuwa dirishani, imeisha chaji tangu asubuhi kwa sababu umeme ulikatika mtaa mzima. Akausikia ule mlio mfupi, ting, kama kijiko kimegonga glasi. Akajifuta mikono, akaichukua, akabonyeza. Kioo cheusi. Akabonyeza tena kwa nguvu, kwa hasira ya mtu aliyechoshwa na kitu hicho hicho kila siku, kisha akairudisha dirishani na kuendelea na masizi yake. Umeme uliporudi akaichomeka, akafungua barua. Hamna kitu. Alipokuwa bado ameishika, barua ikaingia: kazi ya kutafsiri, imetumwa dakika hiyo hiyo.

Akajibu, akaipata. Kwa furaha hakuufikiria tena ule mlio.

Juwairiya alikuwa mkalimani. Kinubi alizaliwa nacho, Kiarabu cha Juba alikiokota kwa jamaa waliokimbia vita huko Juba, Kiingereza alikipata shuleni. Shirika moja la ng'ambo lilimwandikisha kuwasaidia kwa simu wakimbizi wanapoongea na madaktari na mahakimu huko walikofika. Kazi ikitokea, shirika liliwaandikia wakalimani wote barua pepe moja, na wa kwanza kujibu ndiye aliyeipata. Hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Programu ya barua iliyokuja na simu yake haikupiga kengele barua ilipofika. Ilikwenda kuzichota kila baada ya robo saa, ikikumbuka. Isipokumbuka, zilikaa huko huko mpaka yeye mwenyewe aburute kioo kwa kidole. Aliburuta, akakuta kazi, akajibu, akaambiwa asante, imekwisha chukuliwa. Siku nenda siku rudi.

Alijaribu kila kitu. Aliingia kwenye mipangilio, akaona mahali pa kuchagua barua zije zenyewe papo hapo; maandishi yake yalikuwa yamefifia, hayabonyezeki. Alizima hali ya kubana betri. Aliifuta akaunti na kuiweka upya, akapoteza barua za mwaka mzima. Alijaribu kuweka programu nyingine, simu ikagoma, ikasema haina nafasi. Mwisho akampelekea Jude, fundi wa simu mjini Jinja.

"Nyabo, mama yangu, hii simu iko sawa," Jude alisema. "Ni barua yako na hii programu, hazisikizani. Yenyewe inangoja mpaka saa yake ifike."

"Sasa nifanye nini?"

"Uwe unaangalia."

"Ninaangalia. Ninaangalia mpaka wali unaungua."

Jude akamrudishia simu yake.

Jioni hiyo Juwairiya alikosa kazi nyingine. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa, naye amesimama mlangoni na birika la maji ya moto, huku jirani yake Gorreti, mke wa polisi, akianua nguo kwenye kamba. Juwairiya akayamwaga maji yote kizingitini kwa hasira, bila bismillahi. Mvuke ukampanda usoni.

"Yeyote anayeweza kunipigia kengele barua zangu zikija, na anipigie," alisema kwa sauti. "Nimempa ruhusa. Aingie, nyumba ni yake."

Gorreti aliacha kuanua. "Dada, saa kama hii watu hawasemi hivyo."

"Nimechoka, Gorreti."

Kesho yake ndipo simu ilipolia ikiwa imezimika.

Tangu hapo kengele haikukosa. Wala haikutoka tena kwenye simu peke yake. Mara ilitoka kabatini, katikati ya vikombe. Mara ilitoka ndani ya gunia la mchele. Kabla yake ilitangulia harufu ya nywele zilizoungua, nyepesi, inayopita na kwisha. Juwairiya aliposikia ting, alishika simu, akaweka kidole tayari, akangoja. Barua ikaingia, akajibu kabla mwingine yeyote hajasoma hata kichwa chake. Akawa anapata kazi mpaka nyingine anaziacha. Kuhusu harufu, alijiambia Walukuba kuna viwanda, harufu gani isiyopita hapo. Kuhusu mlio kutoka kwenye mchele, hakujiambia lolote.

Mumewe Swaibu alifanya kazi kiwanda cha chuma. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini, wakaketi kula, akawa anasimulia jinsi mwenzake mmoja alivyotoka na viatu vya imamu kwa makosa. Tonge lilikuwa njiani kuelekea kinywani wakati mkono wake uliposimama, macho yakabaki wazi yakitazama ukuta, ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima kana kwamba mtu ameinamia jiko na kichwa chake kimeshika moto, koo lake likavimba kama la mtu anayemeza kitu kikubwa ambacho badala ya kushuka kinapanda, na kutoka humo, midomo ikiwa imefumbwa kabisa, ikatoka ting, safi, ya glasi, na Juwairiya kabla hajajua anafanya nini alikuwa amekwisha kuishika simu.

Mdomo wa Swaibu ukafunguka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba na kavu, na ilisema Kiingereza kilichonyooka.

"Hospitali. Mama na mtoto mchanga. Kiarabu cha Juba. Jibu."

Barua ikaingia. Ilisema hayo hayo, neno kwa neno. Kidole cha Juwairiya kikajibu.

Swaibu akatia tonge kinywani, akatafuna. "Basi imamu akabaki na ndara," alisema, akacheka. "Mbona huli?"

"Umesema nini sasa hivi?"

"Nimesema ndara."

Angemwambia. Alitaka kumwambia. Lakini kulikuwa na mama na mtoto mchanga wanaomngoja kwenye laini, na mama yule alimshukuru mpaka akalia, akasema tangu afike nchi ile ni mara ya kwanza mtu kumwelewa. Juwairiya aliijua kazi yake, na sasa hatimaye alikuwa akipewa. Akajiambia atamwambia kesho.

Kesho ikawa kesho nyingine. Kila kengele ilipomtoka Swaibu, kitu kingine kilimtoka pamoja nayo. Kwanza aliyapoteza majina ya vitu: kikombe kikawa "kile," mlango ukawa "pale." Kisha akawa anaanza hadithi na kuiacha katikati, akitazama mikono yake. Kisha akawa anaitikia kwa kichwa tu. Kiwandani alisimama kama mti karibu na chuma chekundu kinachopita, msimamizi akamvuta kwa shati, akamrudisha nyumbani apumzike.

Gorreti alimwita Juwairiya uani, akaongea kwa kunong'ona.

"Dada, bwana yako analia kama simu. Nimemsikia huko chooni. Mimi naogopa kupita hapo."

"Ni mgonjwa."

"Si mgonjwa. Nimemwambia mume wangu aje amwone. Afande mzima, na bunduki yake, amekataa."

Juwairiya alirudi ndani. Swaibu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka. Alimwona mkewe, akanyoosha mkono, akafungua kinywa kumwita. "Ju," alisema. "Ju." Shingo ikavimba, na mahali pa sehemu ya jina iliyobaki ikatoka ting.

Safari hii Juwairiya hakuigusa simu. Alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo.

Walikwenda mji wa Mbale kwa shangazi yake Swaibu, Hajati Ramlah, aliyekuwa na duka la magodoro kwenye mtaa wa maduka ya jumla. Watu walimjua kwa magodoro, na wengine walimjua kwa stoo iliyokuwa nyuma ya duka, ambako aliwasomea dua wagonjwa walioshindikana hospitalini. Alimshika Swaibu kichwa, akainusa kola yake, akafunga mlango wa stoo kwa ndani. Ilikuwa mchana, jua limekaa juu ya mlima ulio nyuma ya mji, na nje wapagazi walikuwa wakiitana.

"Nani alikipa ruhusa hiki?" aliuliza.

"Mimi, shangazi. Lakini sikutaja jina. Nilisema yeyote."

"Yeyote ni jina kwao. Na kikileta barua, ukajibu?"

Juwairiya alimfuta Swaibu jasho shingoni.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Nilijibu. Nilikuwa napata kazi."

"Huku unamwona mume anavyokwisha."

"Huku namwona."

Hajati hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. "Kila ulipojibu ulikikaribisha upya," alisema. "Sasa nitasoma. Kitasema. Wewe utaondoa ruhusa kwa mdomo wako ule ule. Kikikuletea barua usiiguse simu, hata iwe barua gani."

Simu ikawekwa juu ya godoro, mbele ya Juwairiya. Swaibu akalazwa ubavuni. Hajati akaanza kusoma kwa sauti ya chini, bila haraka.

Mlio wa kwanza ulitoka juu kabisa, karibu na dari, ndani ya godoro lililofungwa kwa nailoni. Wa pili ukatoka chini yake. Kisha magodoro yote yaliyopangwa kuta nne yakaanza kulia moja baada ya jingine, ting, ting, nailoni ikivimba na kunywea kama mbavu za watu wanaohema, harufu ya nywele ikawa nzito mpaka machozi yakamtoka Juwairiya na akahisi ladha yake ulimini, makelele ya wapagazi nje yakafifia kama yanatoka mji mwingine, na Swaibu, ambaye nyumbani hakuweza kulimaliza hata jina la mkewe, akaketi wima bila kutumia mikono na kulitamka lote.

"Juwairiya. Kuna barua."

Hajati aliendelea kusoma.

"Kazi ya kudumu," ilisema ile sauti kavu. "Mshahara kila mwezi. Mkalimani mkuu. Hutangoja tena, hutaburuta kioo tena. Wanachukua wa kwanza. Jibu."

Simu ikawaka. Juwairiya alikiona kichwa cha barua, akaliona jina la shirika. Aliikumbuka miezi yote ya asante, imekwisha chukuliwa. Kidole gumba chake kilijongea chenyewe. Akaikalia mikono yake yote miwili.

"Ruhusa niliyotoa nimeiondoa," alisema. "Nyumba si yako. Mume si wako. Kengele yako siitaki."

"Watajibu wengine."

"Wajibu."

"Jibu."

"Sijibu."

Simu ilizimika. Swaibu akainama, akatapika maji meusi yenye harufu ile ile, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, kisha akalala usingizi wa mtoto. Alipoamka Alasiri imekwisha kuswaliwa, akatazama dari, akasema, "Shangazi, magodoro haya mnauza au mnayafuga?"

Hajati alicheka. Juwairiya alilia akiwa amejifunika uso kwa mtandio.

Njia nzima ya kurudi Jinja Swaibu aliongea. Aliongea habari za imamu, za msimamizi, za mbuzi aliyewahi kuonekana juu ya paa, na Juwairiya aliyekuwa akimkatiza siku za nyuma alimwacha aseme mpaka abiria wa mbele wakageuka kumtazama. Simu ilikuwa ndani ya begi, imezimwa. Aliiacha hivyo mpaka kesho yake, Swaibu alipokwenda kuoga.

Alipoiwasha ilikuwa kama ilivyokuwa zamani. Alingoja, hakuna kilichoingia. Akaburuta kioo kwa kidole, kimya. Akaburuta tena, na kile kiherehere chake cha zamani kikampanda, akakaribia kukifurahia, kwa kuwa kilikuwa kitu cha kawaida. Hatimaye barua moja ikaingia, ya jana, kutoka shirikani.

"Tunakushukuru kwa jibu lako la haraka," walimwandikia. "Ulikuwa wa kwanza. Tunafurahi kukupa nafasi ya mkalimani mkuu."

Aliisoma mara mbili. Kisha akafungua zilizotumwa. Jibu lilikuwepo, chini ya jina lake, limetumwa jana mchana, wakati yeye ameikalia mikono yake kwenye stoo ya magodoro. Lilikuwa na maneno machache tu: "Tumekubali. Sisi wawili tuko tayari."

Akaandika haraka haraka kwamba haitaki kazi ile, kwamba jibu halikuwa lake, kwamba waifute. Akabonyeza kutuma. Duara dogo likaanza kuzunguka. Lilizunguka, likazunguka. Alizima data akaiwasha. Alitoka mpaka uani, akainua simu juu kutafuta mtandao, akarudi ndani. Barua ya kukataa ilikuwa bado imekaa kwenye zinazosubiri kutumwa, moja tu, na duara likizunguka.

"Swaibu," aliita, "umemaliza kuoga?"

Maji bafuni yakaacha kumwagika. Akamsikia mumewe anakohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo ili aseme kitu, na Juwairiya akasimama pale pale na simu mkononi, akingoja kusikia ni sauti gani itakayomwitikia.